Kitabu Kwenye Pipa la Unga

Kitabu kiliingia sandukuni mara tatu, na mara tatu fundi cherehani akakitoa.

Kwanza alikilaza chini kabisa, chini ya sare nyeupe alizozishona mwenyewe. Kisha akakizungushia taulo. Safari ya tatu alibaki ameketi kitandani, kitabu magotini, akijitukana kimoyomoyo. Mwizi gani huyu, hata kurudisha hajui!

Binti wa mumewe alikuwa bafuni akiimba. Alasiri angepanda basi kwenda mji mwingine kuanza kazi ya unesi, na fundi alikuwa amejiapia kwamba msichana hataondoka bila kitabu chake.

Kilikuwa kitabu cha mapishi ya keki, kimeandikwa kwa mkono. Kurasa za mwanzo ziliandikwa na bibi mzaa mama wa msichana, zilizofuata na mama yake, na za mwisho zilikuwa bado hazijaandikwa kitu. Ndani ya jalada bibi alikuwa ameandika: "Kwa binti yangu. Nawe utampa wako."

Mama yule alifariki msichana akiwa bado mdogo. Baba alipooa tena, fundi akaingia nyumbani na cherehani yake na sufuria mbili. Msichana alimpokea kwa shikamoo, na baada ya shikamoo, kimya. Alipikiwa, akala. Alinunuliwa sare mpya za shule, akavaa. Neno, hapana. Baba mtu alisema, "Mwache, atazoea," akaendelea kula, maana yeye akiwa mezani hasikii wala haoni.

Walikuwa wamekwisha kumaliza unga mara mbili tangu fundi aolewe, siku alipochota kwa kikombe na kikombe kikagonga kitu kigumu ndani ya pipa. Ni kitabu, kimefungwa vizuri katika mfuko wa plastiki wa duka la sare za shule. Alikifungua, akasoma yale maneno ya jaladani, akaelewa mara moja: marehemu alikificha. Na mwanamke humficha nani kitu kama hiki, kama si mwanamke atakayekuja baada yake?

Angempa mtoto siku ileile. Badala yake alipika keki ya machungwa, eti aone tu inatokaje. Jioni msichana alikula kipande, akaenda chumbani kwake, akarudi, akachukua kingine.

"Umejifunza wapi, Anti?" Lilikuwa swali lake la kwanza tangu waishi pamoja.

"Kwa mama yangu," fundi akajibu, ingawa mama yake, Mungu amrehemu, hakujua hata mlango wa oveni unafunguliwaje.

Msichana alimtazama kitambo, kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyekubali.

Uongo ukishatoka haurudi mdomoni. Kitabu kikahamia chini ya vitambaa vya wateja, na keki zikawa zinatoka kila Jumamosi. Wifi yake akaonja, akasema, "Wifi, mkono wako una baraka. Hebu niandikie na mimi." Akamwandikia. Jirani naye akataka, akaandikiwa. Mtaa mzima ukawa unapika keki za marehemu na kumsifu yeye, naye kila sifa ilimchoma.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba Anti iligeuka Mama. Ilitokea siku ya keki ya ndizi. "Mama, nikatie na ile ya pembeni," msichana alisema, kirahisi tu, na fundi akamkatia. Aliamini jina lile amelinunua kwa mali ya wizi, na kwamba siku ukweli ukijulikana atanyang'anywa. Kwa hiyo alinyamaza, na miaka ikapita. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

"Mama, umeiona chaja yangu?"

Msichana alikuwa mlangoni, nywele zikichuruzika maji. Macho yake yakatua kwenye kitabu. Hapakuwa tena na pa kukificha.

"Ni cha mama yako," fundi alisema. "Alikificha kwenye pipa la unga nisikione, nami nikakiona. Nilijua ni chako tangu siku ya kwanza. Nimekuibia, mwanangu, halafu nikakudanganya kwamba mapishi ni ya kwetu. Kama hutaki kuniita Mama tena, sitakulaumu."

Msichana akaketi kando yake. Alifungua jalada, akapitisha kidole polepole juu ya mwandiko wa bibi yake. Mabega yakaanza kumtikisika, na fundi hakujua kama ni kilio au kicheko.

"Mama hakukificha," msichana akasema mwishowe. "Kilikuwa chini ya mto wangu tangu msiba. Kwanza nilikuwekea juu ya friji, ukatandika kitambaa juu yake. Nikakipeleka kabatini, ukapanga zile sufuria zako mbili mbele yake. Nikasema huyu, nisipokizika kwenye unga, hatakiona mpaka Kiyama."

Fundi alimkodolea macho. "Sasa si ungenipa tu mkononi?"

"Ningekupaje?" Msichana alijifuta machozi kwa kiganja. "Nilikuwa na hamu ya keki, Mama, na nilikuwa nimeapa sitasema na wewe."