Magazeti Yote ya Makambako

Basi la kutoka Dar liliposimama stendi ya Makambako saa nane mchana, Masumbuko alikuwa wa kwanza mlangoni. Hakuwa anapokea mgeni. Alinunua magazeti yote kumi na moja yaliyoshushwa, ya aina moja, tarehe moja, akayasokomeza kwenye gunia la mbolea.

"Mzee, unafungua biashara ya maandazi?" muuza magazeti alimtania.

"Nabandika dari," alijibu, wala hakumtazama usoni. Hata yeye aliona uongo huo haukai sawa. Nani anabandika dari kwa gazeti la leo?

Alijificha nyuma ya mashine ya kusaga, akafunua moja. Ukurasa wa kumi na saba, chini kabisa, tangazo la maombi ya uraia lilikuwepo, pamoja na picha ndogo. Alilikunja haraka kama mtu aliyechungulia bafuni kwa mkwewe.

Asubuhi mkewe, Dorosela, alikuwa amemwambia, "Baba Odilo, tangazo si wizi. Waache wasome."

"Utaniua kwa aibu, Mama Odilo."

"Na mimi itaniua hii," alisema, akagusa goita iliyokuwa imeanza kumbana koo mpaka usiku analala ameketi.

Operesheni ilikuwa imepangwa Jumatatu ijayo, hospitali ya Njombe. Leo Jumatano, na bima yao inaisha Ijumaa. Masumbuko alikuwa ameshakwenda Njombe mara mbili kuihuisha, na mara zote Conjesta, binti wa dirisha la bima, alimrudisha kwa upole. "Bima ni ya familia, mzee. Namba ya kitambulisho ya mmoja ikikataa, mnakwama wote. Faili likiwa Uhamiaji, mimi sina la kufanya. Tangazo likitoka gazetini, wapelekeeni nakala, wakiwapa barua tu, nawahuishia siku hiyo hiyo."

Kwa hiyo nakala moja ilitosha. Hizo nyingine kumi alizinunua kwa sababu ya mdomo wake mwenyewe.

Mwaka juzi, akiwa mwenyekiti wa kamati ya zahanati, alisimama mkutanoni akapiga meza. "Dawa za Makambako ni za watu wa Makambako! Wageni wakae benchi lao, wasubiri wenyeji waishe!" Watu walipiga makofi, naye akavimba kichwa. Kesho yake Rehana, mzaliwa wa Msumbiji, mke wa Zubeiri fundi pikipiki, alikaa benchi hilo na mtoto mwenye homa mpaka dirisha la dawa likafungwa. Mtoto alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini tangu siku hiyo Zubeiri hakumpa Masumbuko mkono tena.

Halafu kulikuwa na ule utani. Watu walizoea kumwita Dorosela "Mama Malawi", kwa vile alikuja mjini kutoka kando ya Ziwa Nyasa na lafudhi ya kule haijamtoka. Masumbuko ndiye aliyekuwa akicheka kuliko wote. Jamani, mtu mzima na ndevu zake, anacheka!

Saa kumi alikwenda kijiweni kwa Haruni, maana asipoonekana wataulizana. Haruni huuza kahawa, na kila siku huwasomea wazee gazeti kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa. Leo hatakuwa nalo, Masumbuko alijiambia. Gunia liko chini ya kitanda.

Haruni alikuwa analo mkononi.

"Stendi yameisha, sijui mwendawazimu gani kayabeba," alisema. "Bahati kondakta wa Songea kaniachia lake."

Masumbuko akasogea karibu. "Hebu nipe, niangalie bei ya mahindi."

"Tangu lini gazeti likajua bei ya mahindi yetu? Subiri, mwenyekiti. Niko ukurasa wa kumi na tano."

Zubeiri alikuwa ameketi mwisho wa benchi, mikono imejaa oili. Aliuliza bila kugeuka, "Shemeji anaendeleaje na shingo?"

"Anaendelea," Masumbuko alijibu.

Haruni akasoma mpira. Akasoma vifo. Akafunua ukurasa wa kumi na saba. Aliinua macho, akayashusha, akaanza kulikunja gazeti taratibu. "Basi wazee, leo hakuna kitu."

Ingeishia hapo. Lakini aibu ile Masumbuko alikuwa ameibeba tangu asubuhi, na sasa ilikuwa imemchosha.

"Soma, Haruni," alisema. "Mke wangu anapasuliwa Jumatatu. Afadhali wasikie mbele yangu kuliko kusikia sokoni."

Haruni alisoma kwa sauti ndogo, jina akaliruka. "Anaomba uraia wa Tanzania. Amezaliwa Nkhata Bay, Malawi. Yeyote mwenye sababu ya kupinga maombi haya aandike..."

"Masikini Mama Odilo," mzee mmoja alinong'ona. "Na sisi tulikuwa tunatania tu."



Zubeiri akasimama. Alifuta mikono kwa kitambaa, akalichukua gazeti, akasoma mwenyewe mpaka mwisho. Kisha akalisogeza karibu na uso wa Masumbuko. Akaangalia picha, akaangalia uso, akaangalia tena picha.

Alirudi kuketi, akajisogeza, akapiga benchi pale palipobaki wazi. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi, akamnyooshea mkono.

"Karibu Makambako, mwenyekiti."