Mguu wa Mbaruku

Mbaruku alikuwa mchimba visima, na hakuna aliyewahi kumwona akiogopa shimo. Lakini asubuhi ile, alipolazwa mbele ya mashine ya kupiga picha za ubongo, alimkamata mkono dada mpimaji na hakutaka kumwachia.

"Haiumi, baba," yule dada akamwambia. "Itapiga kelele kama watu wanaogonga mabati. Wewe usitikisike tu. Ukizidiwa, minya mpira huu, nitakutoa."

Kitanda kikaanza kuingia. Dari ya mashine ikamkaribia pua. Mbaruku akauminya mpira kwa nguvu zake zote, akatolewa akitweta, shuka limelowa jasho.

"Siwezi, mwanangu. Kisimani nafungwa kamba kiunoni, na juu yupo mtu ameishika. Humu nani atajua kama bado nipo?"

Mkewe, Siajabu, alikuwa amesimama mlangoni. Akavua herini na bangili, akaulizwa kama ana chuma chochote mwilini, akasema hana. Mpimaji akamziba masikio, akamruhusu kuingia.

Siajabu akasimama upande wa miguu, akaushika mguu wa mumewe kwa mikono miwili. Kitanda kikaingia tena, na safari hii mpira haukuminywa. Kelele zikaanza. Akausikia mguu ukitetemeka viganjani mwake, ukitetemeka, kisha ukatulia, kama wa mtu anayejua kamba yake imeshikwa. Akaukaza zaidi, akamtazama mpimaji nyuma ya kioo. Yule dada alikuwa ameziinamia picha, na hakuinua uso.