Maji Yaanzie kwa Nani

"Hiyo namba moja ulipewa na nani, Mama Khisa? Ama ni kwa sababu kompyuta inalala kwako?"

Nakhungu alikuwa amesimama upande wake wa ua, mikono kiunoni, leso imefungwa kivita.

"Inalala kwangu, inakula kwangu," Roselyne akamjibu kutoka barabarani. "Yako inalala wapi, Mama Joy? Tuonyeshe basi."

Watu wakacheka. Mtaani Kibomet, ugomvi mzuri haukosi mashahidi, na huu ulikuwa umeshatoa wengine majikoni na mwiko mkononi.

Kisa ni Kevin, mtoto wa kaka yake Roselyne, aliyetoka Bungoma kufanya kazi na kampuni moja hapo Kitale, akafikia kwake. Wiki nzima alizunguka nyumba kwa nyumba na futi yake, akipima na kuandika. Hakusema anapima nini. Lakini kufikia Jumapili kila mtu alijua kwamba maji ya mfereji yanakuja, yakianzia kwa Roselyne, na habari ilitoka jikoni kwake, kama habari zote za mtaa ule.

Na kila mtu alitaka kuwa mbele. Mradi wa maji uliopita ulifia njiani: waliokuwa mwanzo walipata, waliobaki nyuma wanateremka mtoni na mitungi hadi leo. Joy, binti wa Nakhungu, alikuwa mmoja wao, na tumbo lake lilikuwa limeshateremka, tayari kwa kujifungua.

"Tuingieni ndani muone wenyewe," Roselyne akasema. "Msije mkasema nimewaroga."

Wakajaa sebuleni, wengine kwenye mikono ya makochi, wengine dirishani. Roselyne akapitisha chai. Kevin akafungua kompyuta. Majina yote alikuwa ameyapanga kwa Excel, safu kwa safu; sasa akayavuta kwa mpigo mmoja hadi kwenye programu ya kupangia kazi. Juu ikakaa kazi kubwa, chini yake nyumba zote zikajipanga kama watoto nyuma ya mama yao.

"Na hivi vimishale?" mtu akauliza.

"Vinafunga kazi pamoja. Nyumba ya pili haiwezi kuanza kama ya kwanza haijaisha. Ukigusa ya juu, zote zinasogea."

Juu palikuwa na jina la Roselyne. La Nakhungu lilikuwa chini kabisa.

"Si mnaona?" Nakhungu akalia. "Nyumba yangu iko barabarani kama yake!"

"Ni ule ua wako wa miiba ya kayaba, mama," Kevin akasema, macho kwa kompyuta. "Mashine haina pa kupita."

"Na hapa umeandika ukuta wangu ni wa udongo. Sasa maji nayo yanauliza ukuta?"

"Wewe unataka bomba lining'inie hewani?" Roselyne akamdakia kabla Kevin hajafungua kinywa. Watu wakaangua kicheko hadi chai ikamwagika.

"Na nyumba moja ni nusu siku tu?" Nakhungu akauliza.

"Ni kazi ya mashine, mama."

Nakhungu akatua kikombe. "Nikikata ua?"

"Thubutu!" Roselyne akaruka. "Namba ni yangu. Ua uliurithi kwa mama mkwe, unaupenda kuliko watu. Ulinikatalia hata ndama wangu kupita. Leo ndio ukate?"

"Nitaukata! Nitaukata na meno!"

Hapo Joy akatokea mlangoni, ametoka mtoni. Akatua mtungi, akashika mwimo wa mlango, akahema. Hakuna aliyecheka tena. Roselyne alimtazama lile tumbo kwa muda.

"Haya," akasema taratibu. "Kevin, mpe Mama Joy hiyo namba moja."

"Senge?" Kevin akageuka. Kwao shangazi ni senge.

"Mpe, nimesema. Mimi nitangoja. Sitakunywa maji nikimwona huyu mtoto akipanda mlima hivi."

Sebule ikanguruma. Mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani. Nakhungu akamshika Roselyne shingoni, akalia kwa kwikwi, yeye ambaye asubuhi ile alikuwa amemwita mchawi.

Kabla ya chai kupoa, mapanga yalikuwa uani. Mtaa mzima ulikata kayaba, vijana wakang'oa visiki, na Nakhungu mwenyewe alivuta miiba kwa mikono mitupu hadi ikatoka damu, huku akiimba. Kufikia jioni uwanja wake ulikuwa wazi hadi barabarani. Lori lingeweza kuingia na kugeuka.

Watu walipotawanyika, Kevin alimfuata Roselyne kando ya barabara.

"Nimetuma orodha, senge. Yako nimeitoa kabisa. Nimeandika itakuwa ofisi ya wafanyakazi, na kampuni wamekubali. Walichotaka ni pa kuanzia tu."

"Tingatinga linakuja lini?"

"Kesho alfajiri, watu wakiwa bado ndani. Likishabomoa kwa Mama Joy, linateremka nyumba kwa nyumba hadi mtoni."

Roselyne akaitikia kwa kichwa. Ng'ambo, Nakhungu alitokeza mlangoni, mikono imefungwa vitambaa, akawapungia.

"Dada yangu! Njoo na huyo kijana wetu, nimemchinja yule jogoo. Ingieni ndani, tule!"