Wateja wa Msusi

Mama mkwe wa fundi bomba alikuwa amenyolewa upande mmoja tu wa kichwa, mashine ya kinyozi ikazimika.

"Msinicheke," alisema akijitazama kwenye kioo. "Nusu bibi, nusu mjukuu."

Wakamcheka. Muuza matunda alicheka mpaka akashika ukuta.

Saluni yenyewe wala haikuwa ya kunyolea. Ilikuwa ya kusukia, mali ya mke wa fundi bomba, msusi ambaye mtaa mzima ulimkabidhi vichwa vyake. Leo mwenyewe hakuwepo. Alikwenda hospitali na mdogo wake kusikiliza daktari amempangia matibabu gani. Alivyogeuza kisogo tu, mumewe akamwingiza kinyozi wa ng'ambo ya barabara, akawaita wateja wa mkewe mmoja mmoja, akiwabembeleza kama mtu anayeposa.

Kisa chote ni nywele. Msusi alipogusa uvimbe kwenye titi akiwa anaoga, hakupiga kelele. Kesho yake alikuwa kwenye foleni ya vipimo. Walipomwambia ni kansa, ila bado changa, akasema, "Basi kateni." Wakautoa uvimbe, titi likabaki, naye akarudi nyumbani akiuliza kumepikwa nini. Jasiri yule, hilo halina ubishi. Lakini mtu mmoja asiye na kazi akamwambia kwamba baada ya kisu huja dawa za dripu, na dawa za dripu zinang'oa nywele. Hapo jasiri akanywea.

"Titi nimewapa kipande, sikulia," alimwambia mumewe. "Nywele siwapi. Msusi kipara nani atamwamini? Wakinitajia dripu tu, hospitali sirudi tena."

Mumewe alimsihi, akamnunia, hata akamwimbia. Wapi! Shemeji yake, yule mdogo wa mkewe, akamwambia, "Shemeji, subiri kwanza daktari aseme. Kansa za titi si za aina moja, na dawa zake hazifanani." Fundi bomba hakusikia. Mtu aliyejawa na hofu masikio yake ni ya kuning'inizia miwani tu. Siku hizo hata kazini alikuwa hayupo sawa; nyumba moja aliifungia mabomba kinyume, maji ya moto yakawa yanatokea chooni.

Angejinyoa yeye akaonyesha mfano, lakini anyoe nini? Mtaani wanamwita Balbu. Yeye na nywele waliachana kabla hajaoa. Alijaribu kunyoa masharubu, mkewe hata hakugundua. Ndiyo maana akahitaji vichwa vya watu.

Mashine ikawaka, mama mkwe akamaliziwa nusu ya pili. Akafuata muuza matunda, kisha mwalimu wa chekechea, aliyefumba macho mwanzo hadi mwisho. Nywele zikajaa sakafuni, ungedhani wamechinja godoro. Kinyozi alipoanza kufunga mkoba wake, akijitetea kwamba kinyozi hajinyoi, mama mkwe akamnyang'anya mashine.

"Ndiyo maana nipo mimi. Inamisha kichwa."

Akabaki mteja mmoja, bi harusi mtarajiwa. Harusi yake ilikuwa Jumamosi, na mtindo wa kusukwa alishauchagua tangu mwezi uliopita.

"Mimi jamani nampenda dada, kweli nampenda," alisema akiwa ameshikilia nywele zake kwa mikono miwili. "Lakini hiyo shela itakaa juu ya nini? Si itateleza?"

Kabla hajajibiwa, simu ya Balbu ikaita. Alikuwa shemeji yake.

"Tumeshatoka kwa daktari. Dada analia tu, shemeji, hanyamazi. Tuko njiani, tuna—" Betri ikafa.

Balbu akakaa chini, palepale kwenye nywele za watu.

"Nitampoteza mke wangu," alisema. "Nitampoteza hivi hivi, kwa ajili ya rasta."

Mama mkwe akamgeukia bi harusi. "Nywele zinaota, mwanangu. Mtu haoti."

Bi harusi akakaa kitini. Mashine ilipoanza akalia, ilipofika katikati akacheka, na ilipomaliza akajipiga picha na kumtumia mchumba wake, ili kama ni kukimbia akimbie mapema.

Mlango ukafunguliwa. Msusi alisimama kizingitini, macho mekundu, rasta zake zimemwagika mabegani. Akatazama vipara kutoka ukuta hadi ukuta.

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu!" Balbu aliruka, nywele za watu zimemganda suruali. "Tumenyoa wote, mke wangu. Hata ukiwa kipara, utakuwa kipara katikati ya vipara, nani atakucheka? Kubali dawa, nakuomba, mama. Mimi bila wewe sijiwezi."

Msusi alimpapasa mama yake kichwa, akampapasa bi harusi, kisha akaangua kilio kipya na kuanza kukumbatia kipara baada ya kipara. Balbu naye akapanga foleni, akakumbatiwa mara mbili.

"Kule nililia kwa furaha, jamani," alisema mwishowe, akijifuta kwa ncha ya kanga. "Daktari kanipangia mionzi ya kifuani, halafu kidonge kimoja kila siku. Dripu sina, nywele haziguswi, na kazi kaniruhusu nianze kesho."

Akageuka, akawatazama wateja wake wote.

"Sasa nitamsuka nani?"