Mtoto Asiyelia

Sindano ilizama kiganjani mpaka tone la damu likachomoza. Msichana wa miaka saba akatabasamu, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Mmeona wenyewe," daktari aliwaambia wanandoa waliokuja kusikiliza. "Tulirekebisha jeni moja tu, kabla hajaingia tumboni mwa mama yake. Huyu hajui maumivu ni nini."

Mama yake, aliyeketi mbele na mimba ya miezi minane, alipiga makofi kuliko wote. Kila mwezi walialikwa hapa, na kila mwezi moyo wake ulitulia kidogo. Kifungua mimba wake alikufa kwa ugonjwa wa mifupa, akilia siku tisa mfululizo. Kilio kile hakikumtoka masikioni. Alikisikia kwenye bomba la maji, kwenye bawaba za mlango, hata kwenye birika likichemka. Aliapa hatazaa tena mtoto wa kulia.

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," mama mkwe alimwonya wakati ule.

"Mimi nimeshalia, mama. Machozi yamekwisha."

Wala hakuwa mzembe. Asiyehisi maumivu huungua bila habari, kwa hiyo kila siku baada ya kumwogesha alimkagua binti yake, nyayo hadi utosi. Alasiri hiyo, waliporudi nyumbani, alimfungua kinywa na kukuta shavu limechanika tena kwa ndani. Hakushtuka. Daktari alishamweleza kwamba watoto hawa hujing'ata wakila bila kujua.

"Imeuma, mwanangu?" aliuliza kwa mazoea.

"Kuuma ndio nini, mama?"

Mama akacheka, akambusu, akajinyoosha kitandani kupumzisha mgongo. Aliyemo tumboni naye alikuwa amerekebishwa vivyo hivyo, kwa mkono wa daktari yule yule. Nyumba ilikuwa kimya. Alikuwa anasinzia alipohisi kichwa cha binti yake kikilala taratibu juu ya tumbo lake. Hakufumbua macho. Alitaka kuwasikiliza wanawe wakizungumza, raha aliyoililia miaka yote.

"Mdogo wangu," binti alinong'ona, "wakikuchoma inauma sana, lakini usilie. Mama anaogopa kilio. Ng'ata shavu kwa ndani, halafu ucheke. Ukija nitakufundisha."