Mama Aliyeomba Sauti ya Mwanawe

Ujumbe wa tatu wa yule mama uliingia Jumamosi asubuhi, Fundi akiwa hata uso hajanawa. "Mwanangu, nakusumbua tena. Kijana wangu nimemzika, na sauti yake imo humu ndani. Nakuomba kwa mama aliyekuzaa, nifungulie."

Fundi aliisukuma kompyuta pembeni, kisha akairudisha. Alikuwa msimamizi wa Komeo, programu ya kufungia kompyuta ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuichukua bure, kusoma jinsi ilivyoundwa na kuleta marekebisho. Wa kuchukua walikuwa tele. Wa kurekebisha walipukutika mmoja mmoja, mpaka wakabaki wawili: yeye, na kijana asiyewahi kumwona kwa macho, aliyejiita Mbishi. Jina lilimkaa sawasawa. Fundi hakuwahi kuandika mstari ambao Mbishi hakuutia kasoro.

Mbishi mwenyewe alilitumia Komeo. Siku moja Fundi alimwuliza kwa utani anaficha nini humo.

"Watu," alijibu.

Sheria yao ilikuwa moja: rekebisho haliingii mpaka wawili wakubali. Wiki iliyopita Mbishi alikuwa amegundua tundu baya. Ukikata umeme wakati Komeo linakataa neno la siri, linasahau kwamba umekosea, na hapo unaweza kubahatisha mpaka likubali. Aliandika rekebisho siku hiyohiyo.

"Liweke kwako kwanza," Fundi alimshauri.

"Wawili ni wawili, kaka. Nitasubiri kama wengine."

Fundi alilisoma, akamrudishia maswali mawili madogo. Hakujibiwa mpaka leo.

"Na huyu naye kachoka," alimwambia mkewe, aliyekuwa akipiga pasi karibu na dirisha. "Mwisho wote huchoka. Kazi ya bure hiyo, nani atafia hapo?"

Mkewe alikuja kusoma ule ujumbe juu ya bega lake.

"Kwani haiwezekani kumfungulia?"

"Inawezekana. Ndiyo tabu yenyewe. Lile tundu bado liko wazi, na ninatakiwa kulificha mpaka lizibwe. Nitampaje mtu nisiyemjua?"

"Mama mzima analia, wewe unamsomea sheria." Alirudi kwenye pasi, lakini hakuishika. "Wetu tulimzika hatuna hata sauti yake, mume wangu. Angekuwepo mtu mwenye ufunguo akaninyima, nisingemsamehe mpaka naingia kaburini."

Fundi aliivuta kompyuta karibu. Alitamani kumwuliza Mbishi kwanza. Mbishi angebisha, maana ndiyo kazi yake, na pengine leo Fundi alihitaji mtu wa kumbishia. Akamwandikia: "Uko wapi wewe? Nina jambo." Akanawa uso, akanywa chai, akarudi. Kimya kilekile.

Basi akaamua peke yake. Alimwandikia mama hatua zote, taratibu, kwa lugha ya mtu asiyejua kompyuta: hapa unachomoa waya, hapa unaurudisha, hapa unaiacha programu hii ibahatishe. Mama alishukuru, kisha akauliza jambo moja.

"Ikifunguka, itabaki alama kwamba imefunguliwa?"

Masikini, Fundi aliwaza, anaogopa kuvuruga vitu vya marehemu.

"Haitabaki, mama. Usiogope."

Saa za mchana zilikwenda polepole. Mkewe alimaliza nguo zote, akaanza kukunja zilizokwisha kukunjwa. Fundi alifungua rekebisho la Mbishi, akalifunga. Angelipitisha mama akishamaliza, hata kwa sahihi moja, na Mbishi akirudi abishe anavyotaka. Mwaka mzima alikuwa akiamka na swali kwamba anajichosha kwa faida ya nani. Leo angalau alikuwa na mtu mmoja wa kumtaja.

Jibu lilikuja kabla jua halijashuka. "Imefunguka. Mungu akubariki, mwanangu."

Alimsomea mkewe kwa sauti. Mkewe alijifunika uso kwa shati lililokuwa mikononi, akalia, na Fundi akamshika bega, naye machozi yakamtoka bila kuona aibu.

Mwandishi wa ujumbe ule alifuta jasho kwenye masharubu, akavaa kofia yake ya kazi, akaigeuza kompyuta ili wenzake waone majina na anwani zikishuka kwenye kioo.

"Andaeni magari," alisema. "Na mmoja ashuke chini kule mahabusu. Yule Mbishi hatuna haja naye tena."