Diski ya Mama Haikai

Siku hizi mtu akifa, akili na sauti yake vinawekwa kwenye diski, na sheria inataka mke na mume wakae kwenye kompyuta moja, ya nyumbani kwao. Baba yake Nakijwa ameshakaa humo miaka miwili bila shida. Diski ya mama haimalizi dakika tano: inawaka, inakatika.

"Dada, waya mzima," fundi Mbwilo akamwambia. "Tundu nimebadilisha, umeme nimepima. Hapa kwangu imekaa tangu asubuhi, na mama yako kanisema weee, eti nakula maandazi sijanawa!"

Nakijwa akacheka. "Ndiye mwenyewe huyo. Sasa kwetu inakatika nini?"

"Muulize. Ila ikiendelea hivyo itakufa kweli, na nakala hakuna. Mimi siwezi kukaa naye, wakikagua wananifunga."

Nakijwa akainamia spika. "Mama, nyumbani kuna nini?"

"Kuna baba yako, mwanangu," mama akajibu. "Na mkono wake ni ule ule."

Nakijwa akakumbuka zile blauzi za mikono mirefu alizokuwa akivaa mama hata jua likiwaka.

Akarudi nyumbani, diski kaifunga ndani ya kanga, bado ina joto. Hata viatu hajavua, kompyuta ikawaka sebuleni.

"Mama yako yuko wapi?"

"Fundi kasema diski imekufa, baba."

Taa ya kamera ikamgeukia, ikatua kwenye kanga.

"Wewe ichomeke tu," baba akasema taratibu. "Kwangu itawaka."